Mahudhurio ya Msumari

Hii ukiimaliza ukasema nimeitunga, sitakugombeza, maana hata mimi ningesimuliwa nisingekubali. Kuna mtu alizikwa Jumamosi saa kumi jioni, na Jumanne saa moja kasoro robo asubuhi alikuwa kwenye kikao, amechana nywele, kadi za biashara mfukoni, na amewahi kuliko mwenyekiti.

Kikao chenyewe ni cha klabu ya wafanyabiashara wa mtaa. Wanakutana kila Jumanne kwenye ukumbi wa ghorofani, juu ya duka la rangi. Kuna meza ndefu, birika mbili za umeme, bakuli la biskuti, na ubao mweupe ambao ukiufuta haufutiki. Viti ni ishirini na vinne, na kila kiti ni cha kazi moja tu. Kama daktari wa meno yumo, daktari wa meno mwingine anabaki nje hata akija na meno ya dhahabu. Kila mwanachama ana dakika moja ya kusimama na kusema yeye ni nani na anatafuta wateja gani. Dakika ikiisha kengele inalia na unakaa, hata kama ulikuwa hujataja namba ya simu.

Baada ya hapo vinapitishwa vikaratasi vya kijani. Ukimsikia jirani anataka kitanda, unaandika jina lake kwenye kikaratasi unampa seremala wa klabu. Seremala naye akimsikia mtu analalamika jino, anaandika anampa daktari. Ndiyo klabu yenyewe hiyo.

Kosa vikao vitatu mfululizo, kiti chako kinafunguliwa apewe mwingine. Njoo bila shati la klabu, lile la bluu lenye mikono miwili inayoshikana kifuani, au njoo nalo halijapigwa pasi, unaishia mlangoni. Wageni na wawakilishi tu ndio hawabanwi na shati. Fundi bomba, kwa mfano, alipokwenda kumpokea dada yake alimtuma shemeji yake akae badala yake, na kwenye daftari fundi bomba akawekewa tiki kama kawaida.

Seremala wa klabu aliitwa Msumari, kwa sababu enzi zake kila alichokitengeneza alikipigilia misumari mpaka kikawa kizito kuhama nacho. Lakini hizo enzi zilikuwa mbali. Miaka kumi na minne nyuma msumeno ulimla kidole gumba, na tangu siku hiyo kazi yake ikawa kuzunguka na futi kiunoni, kupima madirisha ya watu na kuongea. Kuongea alijua. Aliyekuwa karakana nyuma ya nyumba ni mkewe.

Mtaa ulimwita Bi Randa, maana sauti ya randa unayoisikia asubuhi ukiwa bado kitandani ilikuwa ya kwake. Alifundishwa na mjomba wake, na hakutumia msumari hata mmoja. Ubao mmoja alikuwa anauchonga ulimi, mwingine anautoboa tundu, gundi kidogo, zinaingiana, basi, kiti hicho hata mjukuu wako atakikalia. Viti ishirini na vinne vya klabu alivitengeneza yeye, mwaka ule klabu inaanza. Chini ya kila kiti alikata alama tatu ndogo kwa patasi, kama alivyofanya mjomba wake. Hakuna aliyewahi kupindua kiti.

Msumari alifariki Januari, wiki ya pili, ndani ya duka la vifaa, ameshika bawaba mkono huu na bawaba mkono huu. Moyo uligoma. Bi Randa alimtengenezea jeneza Ijumaa kwa mbao alizokuwa ameziweka kwa ajili ya kabati lao wenyewe. Klabu nzima ilikuja msibani. Mwenyekiti, ambaye ni wakala wa bima, alipitisha kiganja juu ya mfuniko akatikisa kichwa.

"Msumari alikuwa fundi, jamani," alisema. "Hebu angalieni kazi hii."

Wote wakaangalia, wakatikisa vichwa. Bi Randa alikuwa amesimama hapo hapo, maranda bado yako kwenye nywele.

Jumatatu jioni alipiga pasi nguo za nyumbani, na shati la bluu lilikuwamo kwenye beseni, akalipiga nalo kwa mazoea. Akalitundika kwenye kulabu ya karakana, mahali pake pa siku zote. Jumanne saa mbili asubuhi binti yao wa mwisho, yule anayeuza kwenye duka la dawa, alitoka chumbani na simu.

"Mama, baba yuko kwenye grupu."

"Grupu gani?"

"La klabu, si bado niko ndani kwa namba yake. Katibu kaweka picha ya kikao cha leo. Baba yuko mstari wa pili. Ametoka vizuri."

Bi Randa alifuta mikono akaangalia. Kweli alikuwa ametoka vizuri, ila uso ulikuwa mkavu kidogo.

"Shati kapata wapi?"

Wakaenda karakana. Kulabu ilikuwa tupu. Saa sita mchana shati lilikuwa limerudi, linanuka chai na udongo, na kwenye mfuko wa kifuani kulikuwa na vikaratasi vitatu vya kijani: kitanda cha futi tano, milango miwili, kabati la viatu. Bi Randa alivisoma, akatoa penseli sikioni, akaanza na milango.

Ikawa hivyo kila wiki. Msumari anawahi, anasalimia, anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Chai anawekewa ila hanywi, na kikombe chake kikiondolewa kinakuwa cha baridi kama kimetoka kwenye friji. Katibu alinunua zulia dogo la mlangoni kwa sababu ya udongo wa viatuni. Lalamiko lilikuwa moja tu, la fundi bomba, kwamba jamaa siku hizi mkono wake ukiushika unaganda. Daktari wa meno akasema hiyo ni damu haizunguki vizuri, apunguze kukaa.

Machi Bi Randa alivaa gauni lake la kutokea akaenda kwa katibu. Katibu ana kiwanda kidogo cha kuchapa, kadi na mabango, na ndiye mwenye daftari.

"Shemeji! Karibu, karibu. Umekuja kwa ajili ya kadi za shukrani za msiba?"

"Nimekuja kuchukua fomu."

"Fomu ya nini tena?"

"Ya klabu. Seremala."

Katibu alizima mashine ili asikie vizuri. "Shemeji yangu, kiti cha seremala kina mtu."

"Mtu gani? Nimemzika mwenyewe."

"Hilo sibishi, nilikuwapo. Lakini daftari ni hili hapa. Tangu Januari hajakosa. Wapo wazima humu kila wiki wana udhuru, mara mtoto anaumwa, mara gari. Yeye hana udhuru wowote."

"Katibu, kazi nafanya mimi."

"Tunajua unamsaidia."

"Namsaidia marehemu?"

"Si hata zamani ulikuwa unamsaidia? Na tunakushukuru sana kwa hilo, shemeji. Lakini nyumba moja haiwi na wanachama wawili. Nikikupa wewe fomu, kesho kaka yangu naye ataitaka."

Akaenda kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alimpokea kwa heshima, akamwekea kiti, akamweleza taratibu. Kwa upande wa bima, alisema, Msumari amekufa, na faili lake limefungwa tangu Februari bila matatizo. Kwa upande wa klabu yuko hai. Hizo ni ofisi mbili, zisichanganywe.

"Ila unakaribishwa kama mgeni," alisema. "Njoo uone tunavyofanya. Utafurahi."

Aprili akaenda. Wageni wanakaa kwenye kiti cha plastiki ukutani, na mgeni ambaye kazi yake ina mtu tayari hapewi dakika. Bi Randa alikaa mkoba mapajani. Mbele yake kulikuwa na migongo ishirini na minne na viti vyake ishirini na vinne. Kimoja mguu ulikuwa umeanza kulegea, wa mwenyekiti, kwa sababu anapenda kujibembeza.

Zamu ya seremala ikafika. Msumari alisimama, akanyoosha shati.

"Mimi ndiye Msumari, mnanijua. Milango, vitanda, makabati, tunachonga tunafikisha. Mikono hii," akainua juu, kidole gumba kimoja pungufu, "hailali."

Makofi. Kengele ikalia baada ya makofi, alikuwa amebakiza na sekunde.

Wakati wa chai mkewe alimfuata pale kwenye birika. Tangu azikwe walikuwa hawajaonana ana kwa ana.

"Baba watoto."

"Mama watoto. Umekuja."

"Mbona nyumbani huji?"

Msumari alitazama ndani ya kikombe. "Nikija nyumbani nitasema nini? Huku nina dakika moja. Dakika moja naiweza."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa kweli hata kabla hajafa.

"Basi katika hiyo dakika yako waambie kazi ni yangu. Wakifungue kiti."

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Ikitosha."

Usimwone mwongo, alijaribu. Juni binti alimletea mama yake video kutoka kwenye grupu. Msumari amesimama, anataja milango, anataja vitanda, anataja makabati ya jikoni kwa urefu wake wote, halafu anakohoa. "Na pale nyumbani kuna mke wangu, huyo mke wangu ndiye ambaye…" Kengele. Akakaa. Watu wakapiga makofi marefu kuliko siku zote, na chini ya video kulikuwa na mioyo myekundu kumi na minane. Fundi bomba alikuwa ameandika: mume wa mfano.

"Angeanza na wewe, halafu milango," binti alisema.

"Hajawahi kuanza na mimi," mama yake alijibu, na wala hakusema kwa uchungu. Alikuwa anatafuta msasa.

Kazi zilikuwa nyingi mwaka huo. Kila Jumanne mchana mfuko wa shati ulikuwa na vikaratasi, na juu ya kila kikaratasi kumeandikwa Kwa Msumari. Mteja akija kuchukua kabati alikuwa analipigapiga ubavuni anasema, "Mzee hajapoteza mkono." Bi Randa anamsaidia kulipakia.

Septemba, Jumatatu moja, umeme ulikatika mtaa mzima na pasi haikupata moto. Bi Randa alilitundika shati hivyo hivyo, limekunjamana kama karatasi ya maandazi. Asubuhi alipofungua karakana akamkuta mumewe amesimama mbele ya kulabu, na fulana ya ndani tu juu ya suruali ya suti aliyozikwa nayo.

"Halijapigwa," Msumari alisema.

"Umeme hakuna."

"Basi siendi."

Akakaa juu ya rundo la mbao. Mkewe akaendelea na randa. Baada ya muda Msumari akasema, "Huo ubao umepinda."

"Najua."

"Nilikuwa nasema tu."

Ilipofika saa mbili akaondoka, si kwa mlango. Kwenye grupu katibu aliandika: Msumari leo hajaonekana, mwenye habari zake? Watu wakaweka vidole gumba.

Umeme ulirudi jioni ile. Bi Randa aliiangalia pasi pale juu ya meza, akahesabu kwa vidole Jumanne mbili zilizobaki, akaiacha ilale.

Jumanne iliyofuata Msumari alikuwapo tena karakana na fulana yake. Hakuuliza habari za umeme, taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake. Bi Randa alikuwa anakata ubao mrefu wa kitanda, na upande wa pili ulikuwa unaning'inia. Msumari alisimama akaushika. Miaka kumi na minne ndiyo mara ya kwanza anamshikia ubao. Ubaridi wa mikono yake ulipita kwenye mti wote mpaka kwenye msumeno, lakini mkato ulitoka umenyooka.

"Unafanya kusudi," Msumari alisema.

"Ndiyo."

"Haki yako." Akapuliza vumbi la mbao. "Bado moja."

"Hutakasirika?"

"Nikasirike niende wapi? Ila shikilia msumeno chini kidogo, unachoka bure."

"Wee, leo ndiyo unanifundisha?"

Wakacheka wote wawili. Binti aliyekuwa anapiga mswaki dirishani aliwasikia, akasema baadaye kwamba hakukumbuka lini mara ya mwisho.

Jumanne ya tatu Bi Randa hakutaka kubahatisha. Shati alilitia kwenye ndoo ya maji. Binti alikuwa ameshamtengenezea kadi kwenye simu na kuzichapisha mtaa wa pili, zisipite mikononi mwa katibu: Bi Randa, Seremala. Saa kumi na mbili na nusu alipitia karakana kuchukua mkoba. Msumari alikuwa amekaa kwenye mbao zake.

"Naenda."

"Uende vizuri," alisema. "Usiwatajie makabati kwanza. Mimi ndiyo yalikuwa yananiponza."

Ukumbini alikaa kwenye kiti cha plastiki. Katibu akaita majina kwa kazi. Bima, yupo. Meno, yupo. Bomba, yupo. Seremala.

Kiti cha karibu na dirisha kilikuwa kitupu. Bi Randa akasimama.

"Kiti hicho kimekosa mtu mara ya tatu sasa. Nakiomba mimi."

Mwenyekiti alimwangalia katibu, katibu akaliangalia daftari, akapitisha kidole kwenye mstari, Jumanne moja, Jumanne mbili, akafika kwenye kisanduku cha leo ambacho bado kilikuwa cheupe. Kalamu ikasimama hapo.

"Shemeji, samahani. Msumari anajua kwamba umekuja hapa?"

Bi Randa si mtu wa kudanganya. Akamkumbuka pale juu ya mbao, na fulana yake.

"Anajua."

"Na hajakukataza?"

"Kanitakia njia njema."

"Aaah!" Katibu alipumua, jasho likamtoka la nafuu. "Basi umekuja kwa niaba yake, si ungesema toka mwanzo!" Akaweka tiki. "Seremala, yupo. Ana mwakilishi."

"Mimi siyo mwakilishi. Nimekuja kwa sababu yeye hayupo."

"Ndiyo kazi ya mwakilishi hiyo, shemeji," mwenyekiti alisema kwa upole. "Una dakika moja. Karibu."

Daktari wa meno, ambaye ndiye mshika muda, akageuza saa ya mchanga. Bi Randa alisimama na kadi zake mkononi. Hakutaja makabati.

"Mimi ni seremala," alisema. "Hivyo viti mlivyokalia nimevitengeneza mimi, kwa mikono yangu, vyote. Vipindueni. Chini kuna alama tatu za patasi."

Watu wazima ishirini na watatu wakasimama wakapindua viti. Biskuti zikaanguka. Fundi bomba alipiga magoti akawasha tochi ya simu.

"Zipo," alisema.

"Hata kwangu zipo," alisema daktari wa meno. "Tatu."

"Kwa hiyo," Bi Randa alisema, "miaka yote hii…"

Kengele.

Wakavigeuza viti wakakaa. Walipiga makofi mazito, ya kweli, wengine mpaka wakasimama tena. Mwenyekiti alisema katika miaka yake yote kwenye klabu hajaona mwakilishi hodari kama yule, na wengine waige, mtu akituma mtu atume wa namna ile. Vikaratasi vikapita. Bi Randa alipata vinane, hajawahi mtu kupata vinane. Juu ya kila kimoja paliandikwa Kwa Msumari.

Wakati anatoka katibu alimsindikiza mpaka kwenye ngazi. Alimwambia kama shemeji, siyo kama katibu, kwamba ana bahati. Kiti kingefunguliwa leo kingekwenda kwa yule bwana wa vitanda vya kuunga, vile vinavyokuja kwenye maboksi, maana fomu yake ipo tangu Mei na ndiye wa kwanza kwenye foleni.

"Tumekiokoa," alisema.

Nyumbani karakana ilikuwa tupu. Bi Randa alilitoa shati kwenye ndoo, akalikamua, akalianika.

Desemba klabu ilifunga mwaka. Kikombe cha mahudhurio kilikwenda kwa Msumari: alikosa mara mbili tu, na aliyemfuata, ambaye ni mzima kabisa, alikosa tano. Binti aliona picha kwenye grupu, baba yake ameshika kikombe, mwenyekiti amemshika bega kwa kitambaa sababu ya ubaridi. Mchana kikombe kilikuwa juu ya meza ya karakana, na ndani yake vikaratasi sita. Bi Randa alikisogeza pembeni apate nafasi ya kuweka kizingiti cha mlango.

Jumatatu ya kwanza ya mwaka mpya, jioni, alitandika blanketi kwenye meza akachomeka pasi. Shati la bluu lilikuwa mbele yake. Akiliacha likiwa limekunjamana, kesho atakuwa na mtu wa kumshikia upande wa pili wa ubao, na atakuwa naye Jumanne tatu. Baada ya hapo kiti kitakuwa cha maboksi, na vikaratasi vitaandikwa jina la maboksi. Akilipiga, kazi zitakuja, za mikono yake, kwa jina lile lile.

Alilipiga. Alianza na kola, halafu mikono, halafu kifua, akaizungukia ile nembo polepole isishike. Kabla ya kulitundika alilipindua, akatoa penseli sikioni, na ndani ya kola, mahali ambapo hakuna mtu angeangalia, akachora mistari mitatu midogo.

Jumanne saa moja kasoro robo Msumari alikuwa kwenye kiti chake.

Sasa wewe uliyefika mpaka hapa, pasi imeshapata moto na shati liko mbele yako: ungefanya nini?